Kozi ya Kabula na Namba Yangu ya Simu

Hapana, Shija. Sikumharibia mtu maisha, na huo ujumbe ufute. Umeandika kwenye kundi letu, watu wote wanasoma, eti "dada Minza alimsukuma mtoto wa watu akasomee Kiingereza chuo kikuu, somo ambalo yeye mwenyewe alipata F, leo yule binti hana ajira." Halafu ukaweka kile kikatuni kinacholia kwa kucheka. Kwanza, hukuwepo. Ulikuwa kidato cha pili, unakimbizana na mpira. Pili, hiyo F ni ya kweli, iko kwenye cheti, sijawahi kuificha. Tatu, kosa nililifanya kweli, lakini si hilo unalolisema. Ni jingine, na wewe na Neema mnalifanya kila siku hapo dirishani pa steshenari mkiamini mnasaidia watu. Ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Na usinicheke nikisema nimestaafu. Najua mtu wa miaka thelathini hastaafu, anaacha kazi. Lakini miaka kumi na moja kwenye kiti kimoja, mbele ya mashine ya kutoa kopi inayokupulizia joto usoni kama ng'ombe mwenye homa, mimi nahesabu ni utumishi kamili. Mshahara sitautaja. Cheo pia sina cha kutaja, maana pale steshenari palikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na asiye mwenye duka.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Nkoma na begi moja. Mwenye duka alikuwa Mama Koku, Mhaya aliyeletwa Bariadi na serikali zamani akiwa katibu muhtasi. Alipostaafu hakurudi kwao Bukoba, akafungua steshenari karibu na stendi. Nyie mmemkuta anasinzia kwenye kiti cha plastiki mnamwita bibi. Mimi nilimkuta akiwa moto. Mtu akimsema vibaya mbele yangu mpaka leo nagombana naye, na mnajua sigombani kwa sauti ya chini.

Siku ya kwanza alinipa kazi moja, kupitisha karatasi kwenye mashine ya plastiki, ile ya lamineshoni. Akaja nesi mmoja kutoka Mbeya, ana cheti chake cha kuzaliwa, halisi. Nikakiingiza na kona imekunjika. Kikatoka kimeganda hivyo hivyo, kona imelala kama sikio la mbwa. Nesi akakigeuza huku na huku.

"Sasa nitakuwa nacho hivi mpaka nife?"

"Samahani, dada," nikasema.

"Samahani inanyoosha?"

Mama Koku hakunifokea. Alimwomba yule nesi radhi, akamwandikia barua ya kuombea nakala nyingine, kisha akaniambia maneno ambayo nawaachia na nyie: "Karatasi ya mtu ni mtu mwenyewe. Ukiikunja, umemkunja." Kisha akanituma maandazi. Ndiyo ilikuwa semina yangu elekezi.

Kiingereza nilijifunza hapo hapo. Mama Koku alikuwa na namna yake ya kufundisha. Ananipa ukurasa wa Kiingereza nichape, nauchapa kama mtu anayenakili mchoro wa mabomba ya maji, sielewi kitu. Nikimaliza anaugeuza kifudifudi mezani. "Haya, amesema nini huyu?" Sijui. "Chapa tena." Nilichapa barua moja ya mwalimu wa Maswa mara nne, anaomba uhamisho. Mara ya nne nikajua kwamba mke wake anaumwa. Nilihisi kama nimechungulia dirisha la mtu. Kuanzia hapo nikawa sishikiki. Kamusi ya dukani haikuwa na kurasa za mwanzo, ilianzia katikati ya herufi B, kwa hiyo mpaka leo maneno yangu ya A ni ya kubahatisha.

Halafu zikaja kazi za wanachuo. Wakirudi likizo wanaleta tafiti zao tuchape. Kaka mmoja alileta ya kwake, alikuwa anasomea Kiingereza, hicho tu, miaka mitatu. Nikamuuliza kwa dharau, kama unavyouliza wewe Shija, "Kaka, hujakijua tu?" Akacheka. "Chapa kwanza, dada."

Nikachapa. Sikuamini macho yangu. Alikuwa ameandika kuhusu kina mama wanaouza dagaa na nyanya hapa hapa soko la Bariadi, jinsi mtu anavyosalimia kwa Kisukuma, anataja bei kwa Kiswahili, halafu mteja akizidi kubishana anatupiwa neno la Kiingereza ili anyamaze. Alikuwa amehesabu. Amechora na majedwali. Kumbe kusomea lugha si kujifunza kuongea. Ni kama mtu aliyezoea kupanda gari, siku moja anafungua boneti. Wanasoma sauti zinavyotokea mdomoni, sentensi inavyoshikana, kwa nini maneno yale yale yakisemwa na bosi ni amri na yakisemwa na mpagazi ni ombi, na hadithi za watu wa nchi ambazo hatutakanyaga. Usiku ule sikuwaza kingine. Nikasema kama ningepata nafasi mimi ningesomea hicho. Sikupata. Lakini hamu haikuondoka, na hiyo hamu ndiyo iliyokuja kuniponza.

Sasa nisikilizeni kuhusu maombi ya vyuo. Enzi zile kila aliyemaliza kidato cha sita Bariadi na Itilima alipita kwetu. Anakuja na vyeti kwenye bahasha ya kaki, tunamjazia mtandaoni. Fomu inataka namba ya simu. Mtoto hana simu. Baba yake anayo ya tochi, inashika mtandao akipanda kichuguu. Tunafanyaje? Tunaweka namba zetu. Msibishe, nawajua. Mwaka mmoja simu yangu ilikuwa na watoto wa watu thelathini na kitu. Mtu akichaguliwa vyuo viwili, inatumwa namba ya siri ya kuthibitisha anakokwenda, na hiyo namba inaingia kwangu. Sikuona ubaya. Nilijiona mtu mkubwa, kusema kweli. Nikitembea sokoni mfukoni nimebeba vyuo.

Mwaka wangu wa sita akaja Kabula. Binti wa Mzee Masunga wa Mwamapalala, mfugaji. Mrefu, mpole, anajibu swali baada ya kulifikiria, kitu ambacho mimi kilinikera. Alikuwa amesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza, na Kiingereza alikuwa amekifaulu mpaka nikaishika ile karatasi ya matokeo kama picha ya harusi. Tukajaza kozi mbili, kila moja na chuo chake. Ya kwanza Kiingereza. Ya pili ualimu, ambao baba yake ndiye aliyeutaka. Namba ya simu, yangu.

Majibu yakatoka. Kachaguliwa kote kuwili. Dirisha la kuthibitisha linafungwa Ijumaa ile. Jumanne asubuhi Mzee Masunga akasimama pale dirishani, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Nimepigiwa simu na mwalimu wa shule yao. Anasema mtoto amepata, sasa mwenye kumalizia ni wewe."

"Ndiyo, baba. Amepata Kiingereza na amepata ualimu."

"Malizia ualimu."

Nikamwambia binti yake anapenda Kiingereza. Akauliza, kwa upole kabisa, "Kiingereza ni kazi gani?" Nikamwambia si kazi, ni elimu. Akasema, "Mbona anacho? Dawa zote za mifugo pale nyumbani anatusomea yeye. Kijiji kizima wanamletea makopo. Sasa aende miaka mitatu kutafuta kitu ambacho yuko nacho?"

Hapo mtu mwenye akili angesema, baba, kaa kwenye benchi, tuagize soda. Mimi nikawaka. Niliona kama ananitukana mimi, na yule kaka wa soko, na zile kurasa zote nilizochapa mara nne nne. Nikamwambia, "Mzee, ng'ombe ni wako, lakini cheti ni cha kwake!" Watu waliokuwa wanasubiri kopi wakageuka. Na huku naongea, mkono wangu uko kwenye kibodi. Nikafungua ukurasa wa Kabula, nikatoa simu, nikaingiza namba ya siri, nikathibitisha Kiingereza. Mbele yake. Nikageuza kioo cha kompyuta kabisa akione.

"Tayari," nikasema. "Imekwisha."

Mzee Masunga hakupandisha sauti. Alivaa kofia. Akasema, "Basi sasa ni mtoto wako. Utamsindikiza wewe." Akaondoka.

Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilifurahi siku nzima. Nilijiona nimemwokoa mtu.

Kesho yake Kabula akashuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamkimbilia. "Hongera, mdogo wangu! Nimekupigania!"

Alinipita, akaingia ndani, akakaa kwenye ile stuli ya wateja wa picha za pasipoti, akaniangalia.

"Dada, nani alikuambia ubonyeze?"

"Si ulikuwa unakitaka?"

"Nilimwambia baba tutaamua Alhamisi, akitoka mnadani. Simu ya mwalimu ndiyo iliyomtia haraka, ungemwambia asubiri angesubiri. Wiki tatu namlainisha. Nilikuwa nimefika mahali ananiuliza maswali, dada. Baba hajawahi kuniuliza swali. Sasa anasema nilikula njama na wewe. Anasema niende chuo nikitokea kwako, siyo kwake."

"Kwani Alhamisi ungechagua nini?"

"Hutajua tena," akasema.

Shija, nimetukanwa na wateja, nimetukanwa na makonda, afisa mmoja alinitupia faili. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nikaanza kujitetea, unanijua, naongea haraka, baba yako hivi, mfumo dume hivi. Mama Koku alikuwa nyuma anapanga rimu. Akasema bila kugeuka, "Minza, nyamaza." Nikanyamaza. "Umeamua haraka kuliko mwenye maisha yake. Zima mashine."

Akafunga duka saa nne asubuhi. Katika miaka yangu yote alifunga mchana mara mbili, siku ile na siku ya mazishi ya mumewe.

Tukafika Mwamapalala sote watatu, jua likiwa utosini. Mzee Masunga alikuwa zizini, amebeba bomba la dawa mgongoni, anawanyunyizia ng'ombe. Alituona. Akaendelea. Tulisimama tukakoga ile dawa na sisi, nadhani mpaka leo sina kupe. Alipomaliza safu moja akasema, "Karibuni. Mama mzazi amefika."

Mama Koku akanikanyaga mguu nisijibu. Nikapiga goti, pale pale kwenye samadi. Nikasema, "Baba, nilikosa. Nilichukua kisichokuwa changu." Nilisema kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma hakuna pa kujificha kama mlivyozoea kusema "samahani kwa usumbufu."

Mzee Masunga akatua bomba, akachukua kopo la dawa kwenye nguzo, akanipa. "Wewe unayekijua Kiingereza, nisomee."

Nikasoma. Nilisoma vizuri, nikamtafsiria mstari kwa mstari, changanya hivi, usinywe maziwa siku kadhaa, vaa glovu.

"Sawa," akasema. "Hayo hata Kabula alishanisomea. Sasa niambie. Hawa wanaotengeneza dawa wanajua sisi ndio tunaonunua. Kwa nini wameandika hivi, mpaka niazime macho ya mtoto?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta jibu, halafu nikaona nikitunga atajua. "Sijui, baba."

Akacheka! Akawageukia watu wake waliokuwa uani. "Amesema hajui! Huyu wa jana!" Nao wakacheka, na mama Kabula akacheka huku amejifunika kanga.

Kabula hakucheka. Akasema, "Na mimi sijui, baba. Nakusomea tu. Kuna siku nasoma neno nalijua, lakini sijui wamemaanisha nini, nakisia, na wewe unakwenda kuwapulizia ng'ombe kwa makisio yangu. Nani kaamua liandikwe hivyo, lingeandikwaje, hilo ndilo nataka nikakae nalo."

"Kakae nalo kwenye ualimu."

"Ualimu nitafundishwa kufundisha. Sijakataa. Lakini hili halimo."

Msidhani hapo mzee alilegea. Mambo hayaendi hivyo kwa Wasukuma wenye ng'ombe. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa. Halafu akatoa sharti. Nilichofanya mimi kifutwe kwanza. Kisha Kabula aje mjini mwenyewe, achague mwenyewe, kwa mkono wake. "Na mimi nitakuwepo. Nataka nione kidole." Akasema akichagua ualimu atafurahi. Akichagua kile kingine atanuna, lakini atamsindikiza, kwa sababu binti atakuwa ameamua nyumbani kwake na siyo steshenari.

Mfumo unaruhusu kufuta uthibitisho kabla dirisha halijafungwa, mnajua. Unaomba namba nyingine ya siri. Nikafuta Alhamisi. Ijumaa, siku ya mwisho, wakaja saa tano, baba, binti, na baba mdogo aliyekuja kushuhudia. Na mtandao, kama mnavyoujua mtandao wa Ijumaa ya mwisho, kile kiduara kinazunguka tu. Watoto wa nchi nzima wako humo. Saa sita. Saa nane. Nami najua kabisa kwamba nilipofuta nimemwacha hana chuo chochote. Jumanne alikuwa na viwili. Sasa ana sifuri, na ni mimi. Mzee Masunga akanichungulia dirishani.

"Kimefika wapi?"

"Kinazunguka, baba."

"Na ile siku ya Jumanne kilizunguka?"

"Hapana, baba."

"Hm."

Saa tisa na nusu ukurasa ukafunguka. Nikasimama. Nikamkalisha Kabula kwenye kiti changu, nikampa simu yangu yenye namba ya siri, nikatoka nje ya kaunta kabisa, nikasimama na wateja. Sijawahi kuona dawati langu kutoka upande ule. Dogo! Kabula akatazama kioo. Akafikiria kama kawaida yake, na safari hii sikukereka, niliogopa. Kozi zote mbili ziko pale, moja juu ya nyingine. Naapa sikujua atabonyeza ipi, na nilijizuia hata kukohoa. Baba yake ameinamia kaunta anaangalia kidole.

Akabonyeza.

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza, baba."

"Kipi?"

"Kiingereza."

Mashine ya kopi tu inanguruma.

"Mimi nilitaka ualimu."

"Najua, baba."

"Na sijabadilika."

"Najua."

"Haya. Twende tukanywe chai."

Alimsindikiza yeye mwenyewe, mpaka stesheni ya Malampaka, na sanduku la bati. Amenuna, kama alivyoahidi.

Mwaka wa kwanza Kabula alinipigia simu analia, somo la sauti limemshinda. Wanaambiwa waandike wanachosikia, na yeye kila akisikiliza anasikia kwa sikio la Mwamapalala. Nikamwambia chapa mara nne. Akaniambia, "Dada, hiki hakichapwi." Alirudia mtihani, akafaulu. Kila likizo aliniachia madaftari yake, nimeyasoma yote, mengine nayaelewa. Utafiti wake wa mwisho alikuja kuufanya minadani, anawasomesha wafugaji makopo ya dawa na kuandika wanachoelewa. Mzee Masunga ndiye alikuwa anamtafutia watu wa kuhoji. Alikuwa anawaamrisha: "Jibu kwa ukweli, usimdanganye mtoto, anaandika!"

Ajira ya kudumu hana. Ni kweli, Shija, umepatia hilo. Anafundisha kwa kujitolea sekondari moja Maswa, anatafsiri karatasi za watafiti wakija, na amegonga ofisi za watu wa dawa za mifugo na makaratasi yake, wawili wamemwambia watampigia. Nimemuuliza mwezi uliopita, nimemkazia macho, unajuta? Akafikiria kwanza. Akasema, "Nimechoka kusubiri. Kujuta, hapana. Nilichagua mwenyewe." Basi. Wenzake wa kidato cha sita waliosomea ualimu nao wanasubiri, kwa hiyo usiniletee hesabu za ajira kana kwamba mimi ndiye serikali.

Baada ya ile wiki nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Namba ya simu kwenye fomu iwe ya mtu anayekula chungu kimoja na mwombaji, hata kama ni ya tochi, hata kama anapanda kichuguu. Kama hakuna kabisa, mwombaji arudi yeye mwenyewe siku ya kuthibitisha, akae kwenye kiti, sisi tusimame nje ya kaunta. Wateja waliona naringa. Foleni ilikuwa ndefu. Nikagombana na nusu ya Bariadi, na nilifurahia.

Sasa niko Nkoma, nalima pamba na choroko, jioni nasoma. Watoto siku hizi wengi wanajaza kwa simu zao, nafurahi, ingawa hilo ndilo lililoniondoa kazini. Koku amerithi duka la mama yake, namheshimu. Lakini Neema kaniambia juzi, anacheka kabisa, kwamba msimu huu simu yako, Shija, ina watoto kumi na wawili, na wawili umeshawathibitishia "ili wasisumbuke kuja." Umewachagulia kozi zenye ajira, eti. Una uhakika wewe. Nami nilikuwa nao.

Hiyo miaka mitatu darasani, utawakalia wewe?